Amana ya Chumba cha Nyuma

Taa ya njano ilikuwa inawaka tangu Jumatatu, na taa ile haikuwekwa pale kwa urembo. Ilikuwa na maana moja tu: betri zimekufa. Sasa, kama betri zimekufa, na umeme umekatika mchana kutwa, na jenereta lenyewe limekaa uani linasubiri kipuri, basi kila kitu ambacho makarani walikiingiza muda mfupi kabla ya giza kilitakiwa kiwe kimepotea. Hakikupotea. Umeme uliporudi, Bupe Mwakalinga aliketi mbele ya skrini, akapitia majina ya wateja wa asubuhi ile moja baada ya jingine, na yote yalikuwepo mpaka la mwisho.

Mtu mwingine angemshukuru Mungu akaenda zake kunywa chai. Bupe hakuwa mtu wa namna hiyo. Alikuwa fundi, tena fundi mbishi, na kitu kilichopona bila sababu kilimnyima raha kuliko kilichoharibika. Alichukua mita yake, akagusisha nyaya kwenye betri ya kwanza. Mshale haukutikisika. Akajaribu ya pili, kimya. Zote zilikuwa zimevimba matumbo, na pembeni zimetoa unga mweupe. Hazikuwa na uwezo wa kuwasha hata tochi.

Huo ulikuwa mwaka wa tisini na nane, serikali ndiyo kwanza imefungulia watu binafsi biashara ya bima. Kampuni aliyofanyia kazi Bupe ilikodi nyumba ya zamani ya ukoo wa Mbwana, huko Chang'ombe, ikapaka rangi mbele na kutundika kibao kikubwa. Chumba cha nyuma, kile kisicho na dirisha, wakakifanya chumba cha kompyuta. Humo waliweka kabati la diski, refu kumzidi Bupe, lililonunuliwa Dubai likiwa limekwisha kutumika.

Kabati lile lilikuwa na tabia yake. Karani akiandika jina la mteja, jina halikuingia moja kwa moja kwenye diski. Lilikaa kwanza kwenye kumbukumbu ya muda, kama mgeni anayesubiri barazani hadi mwenyeji apate nafasi ya kumkaribisha ndani. Umeme ukikatika mgeni yuko bado barazani, betri ndizo zinazomshika asipotee. Betri zikifa, hayupo tena. Ndivyo ilivyotakiwa kuwa.

"Bosi, tuagize betri mpya leo leo," Bupe alimwambia Rogers, meneja wao, kijana nadhifu aliyependa kutembea na kalamu mbili mfukoni.

"Nimeshaagiza Dubai, zinakuja Alhamisi ijayo. Lakini si inafanya kazi?"

"Inafanya. Ndiyo inayonitisha."

Rogers akacheka. Alimpenda Bupe kwa uchapakazi wake. Hata pale alipowakatia wafanyakazi wote bima ya maisha, ili wateja waone kwamba wenye kampuni wanajiamini, yeye Bupe ndiye aliyeingizwa wa kwanza. Alipoulizwa mrithi ni nani, hakufikiri mara mbili. Ni Elinaza, binti yake wa pekee, aliyerithi jina la bibi yake wa Kipare. Baba yake Elinaza alikuwa amekwisha kufariki, na mama na mtoto walikuwa wanaishi wawili tu katika chumba cha kupanga huko Tandika. Bupe hakuwa na kitu kingine duniani cha kumwogopesha au kumfurahisha zaidi ya mtoto yule.

Sasa tuseme ukweli, maana mambo haya hayaji hivi hivi. Jumatatu ile taa ilipowaka mara ya kwanza, Hamisa alikuwa chumbani humo. Hamisa ni mwana wa nyumba ile ya akina Mbwana, aliishi vyumba vya uani na kuwapikia wafanyakazi chakula cha mchana. Alikuwa akiwasimulia kwamba chumba kile zamani kilikuwa stoo ya bibi yao. Watu wa Temeke waliokwenda Hija walimletea mikufu na bangili zao awatunzie. Bibi hakuwa na kufuli. Alisimama tu mlangoni akasema, "Mwenye chumba, amana hii." Mwenyewe akirudi, alisimama palepale akasema, "Amana yangu nimeichukua, shukrani." Haikupotea hata pini.

Bupe, na mdomo wake wa utani, akaligonga kabati kwa kiganja. "Haya, mwenye chumba! Amana hii. Nitunzie, mwenzio sina betri."

Makarani wakaangua kicheko. Hamisa hakucheka. Aliokota sahani zake akatoka.

Betri iliyovimba haiachwi ndani ya mtambo, inaweza kupasuka. Kwa hiyo Jumatano Bupe alizitoa zote akazipanga mezani, na kabati likabaki tupu mahali pa betri, nyaya zikining'inia. Alikuwa bado ameshika bisibisi umeme ulipokatika. Ilikuwa adhuhuri, jua la nje linachoma, lakini chumba kile kisicho na dirisha kiligeuka giza tupu. Kiyoyozi kikakoroma kikanyamaza. Mafeni ya kabati yakapungua, yakapungua, yakasimama.

Ndipo ikaja harufu. Kwanza marashi ya waridi, kidogo tu, kama kuna mtu aliyepita. Halafu udi, udi wa kweli, mzito, ule wa harusini na wa msibani. Bupe akaweka bisibisi chini. Halafu akasikia sauti, ya chini, kavu, inayosema bila kupumzika na bila kuvuta pumzi: Rosalia Mhagama wa Yombo, mwalimu, mume na watoto wanne, Sadallah Kipara wa Keko, seremala, mama yake mzazi, Demetria Komba wa Mtoni, muuguzi, dada yake... Majina ya asubuhi ile. Majina ambayo yalikuwa barazani, hayajaingia ndani, na ambayo kwa sasa hayakuwa na kitu chochote duniani cha kuyashikilia.

 Akapapasa gizani kuelekea kabatini. Sauti iliendelea, karibu, karibu mno, mpaka mlango ukafunguliwa, mwanga wa ukumbini ukaingia, na Hamisa akaonekana na sinia la chai mkononi. Sauti ikakatika.

"Umesikia?" Bupe alinong'ona.

"Nimesikia."

"Inatoka kwenye kabati. Na betri hizi hapa, nimezitoa mwenyewe. Linaongea na nini?"

Hamisa aliweka sinia chini polepole. "Dada Bupe," akasema, "mie nilipofungua mlango mwanga ulikupiga usoni. Haitoki kwenye kabati. Inatoka mdomoni mwako."

Umeme uliporudi alasiri, majina yote yalikuwepo.

Usiku huo Elinaza alipanda kitandani akavuta shuka. "Mama, sema lile neno la bibi." Kila siku Bupe alimlalisha mtoto kwa maneno machache ya Kinyakyusa aliyoyapata kwa mama yake, na mtoto hakulala bila hayo. Bupe akafungua mdomo. Hakikuja kitu. Alitafuta kama mtu anayepapasa kiberiti gizani mahali anapokijua, na mahali pale palikuwa patupu. Elinaza akacheka, akadhani ni mchezo, akayasema yeye mwenyewe. Masikioni mwa Bupe yakalia kama lugha ya watu wa mbali. Alimkumbatia mtoto akakaa macho mpaka alfajiri, kwa hofu aliyoshindwa kuipa jina.

Jumapili kanisani ilikuwa vibaya zaidi. Walisimama kusali Baba Yetu, na Bupe akaanza vizuri na wenzake, lakini walipofika kwenye mkate wao wa kila siku mdomo wake uliteleza ukaendelea peke yake na seremala wa Keko na mama yake mzazi. Watu wa benchi la mbele wakageuka. Elinaza akamvuta gauni. "Mama, unasali nini?"

Bupe alilia njia nzima ya kurudi nyumbani, akimficha mtoto uso wake.

Jumatatu akajikaza. Kama kuna kitu kinachokula, akasema moyoni, kwanza kikose chakula. Mtambo usio na betri hauruhusiwi kuweka wageni barazani, na hilo alitakiwa alifanye tangu siku ya kwanza. Akaingia kwenye mipangilio ya kabati, akaamuru kila jina liandikwe kwenye diski papo hapo kabla karani hajaruhusiwa kuendelea na jingine. Kazi ikawa ya kinyonga. Makarani wakaguna. Lakini umeme ulikatika siku ile na siku iliyofuata, na chumbani mle hapakunuka kitu, na mdomo wa Bupe ulitulia.

Hata hivyo vilivyokwisha kutoka havikurudi. Ndipo alipokubali Hamisa ampeleke Buguruni, kwa Bi Zuena.

Bi Zuena hakuwa na mikufu ya meno ya simba wala kaniki. Alikuwa mama mnene mwenye miwani, anauza hiliki na karafuu sokoni, na waliomjua walimjua kwa jambo lile jingine. Aliwapokea nyuma ya magunia yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hamisa kanieleza. Huyo mwenye chumba, ulimkabidhi kwa mdomo wako?"

"Nilikuwa natania."

"Yeye hajui utani. Alikabidhiwa, akapokea. Huyu si mwizi, msimwite mwizi, huyu ni mtunzaji. Bangili na mikufu alikuwa anavikalia. Lakini ulichompa wewe hakikaliki, ni maneno. Maneno atayaweka wapi? Kayaweka kichwani mwa aliyemkabidhi. Na kichwa ni chumba, mwanangu. Ukijaza vya watu, vyako lazima vitolewe nje."

Bupe akamsogelea. "Vyangu viko wapi?"

"Anavyo. Hajavitupa. Alhamisi adhuhuri, saa ileile uliyomsikia, utasimama mlangoni utaje jina lako na jina la mama aliyekuzaa, useme amana yangu nimeichukua, shukrani. Atakurudishia vyako aondoke. Lakini useme kwa mdomo wako, usisemewe. Na mpaka siku hiyo asikabidhiwe tena hata jina moja. Akijazwa tena kabla hujamaliza naye, sijui nini kitabaki kwako."

Alhamisi ndiyo siku ya betri. Asubuhi, kabla hajaenda uwanja wa ndege kuzichukua, Bupe alisimama mlangoni kwa Rogers. "Bosi, nakuomba sana. Usiguse kile nilichobadilisha. Nikirudi naweka betri, kazi inarudi kama zamani."

"Mwisho wa mwezi huu, Bupe. Makarani wanasinzia wakisubiri mashine."

"Umeme ukikatika bila betri, majina yatapotea." La jini hakulisema, aliona aibu, na aibu hiyo ndiyo iliyomponza.

Rogers alitikisa kichwa kwa namna ambayo si ndiyo wala si hapana. Bupe alipokwisha kuondoka, Rogers akatazama foleni ya fomu, akatazama saa, akawaza kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili angewaza. Wiki iliyopita hapakuwa na betri, umeme ulikatika, na halikupotea jina. Kwa nini lipotee leo? Akaingia chumba cha nyuma, akarudisha mipangilio ya zamani kwa mkono wake. Makarani wakashangilia. Vidole vikaanza kukimbia.

Bupe alirudi na boksi la betri karibu na adhuhuri. Uani aliwakuta Hamisa na Bi Zuena wamekaa kwenye mkeka, chetezo kimeshawashwa. Aliwaambia, "Nipeni dakika, nazifunga tu," akaingia ndani, na mlangoni mwa chumba akaona taa za kabati zikimetameta kwa kasi, kwa kasi ambayo hazikuwa nayo tangu Jumatatu, na akaelewa. Alitupa boksi akakimbilia kibodi.

Umeme ukakatika.

Safari hii harufu haikuja kidogo kidogo, ilikuwa imeshasimama pale ikimsubiri, na majina yalimwingia kama maji yanavyoingia nyumba ya bondeni, ya asubuhi nzima, ya watu wa Mbagala na Mtoni na Kigamboni na Wazo, wake zao na watoto wao na magonjwa yao waliyokwisha kuugua, na kila lililoingia lilisukuma kitu chake kikatoka, ikatoka sauti ya mama yake akimwita kutoka mgombani, ukatoka mto wa kwao na baridi yake ya asubuhi, akatoka mume wake akicheka na akatoka tena amelala ndani ya jeneza, ikatoka shule, likatoka kanisa na nyimbo zake zote, naye akiwa ameshika ukuta kwa mikono miwili akawa anang'ang'ania kitu kimoja tu, mtoto amesimama mlangoni na sare ya shule, meno ya mbele yameng'oka, akamshika kwa nguvu zake zote, akamwambia usiende, usiende mwanangu, huku mdomo wake ukisema kwa sauti kavu isiyopumua, Issa Mnyone wa Wazo, dereva, kaka yake, Tabu Kasim wa Mtoni, mama lishe, watoto wawili, na sare ikafifia, na meno, na mlango.

Umeme haukuchelewa kurudi. Kiyoyozi kikavuma. Majina yakamtoka Bupe yakarudi kabatini, yote, bila kasoro, na skrini ikawaka kijani.

Rogers aliingia akisugua viganja. "Hakuna kilichopotea! Si nilisema?" Akampiga Bupe bega kwa furaha, akatoka mbio kuwaambia makarani.

Bupe aliokota boksi. Mikono yake ilijua kazi. Alitoa betri mpya, akazipima moja moja, mshale ukaruka vizuri, akazipachika, akafunga skrubu, akasubiri mpaka taa ya njano ikazimika. Kazi safi, mkaguzi yeyote angeisifu. Halafu akasimama akiwa hajui kinachofuata.

Hamisa alimshika mkono akampeleka kizingitini. Bi Zuena akainua chetezo. Udi wa Bi Zuena ulikutana na ule mwingine uliokuwa bado chumbani, na hewa ikawa nzito hata Hamisa akakohoa.

"Sema jina lako, mwanangu."

Bupe akafikiri. "Rosalia Mhagama," akasema.

"Jamani, wewe ni Bu—" Bi Zuena alimziba Hamisa mdomo kwa kiganja.

"Asisemewe! Mwanangu, tulia. Jina lako."

Bupe aliangalia huku na huku, mwisho akajiangalia mwenyewe. Kifuani kwake kilining'inia kitambulisho cha kazi. Akakigeuza, akasoma taratibu kama mtoto wa darasa la kwanza. "Bupe Mwakalinga."

Kitu chumbani kilisogea. Pazia la ukumbini likatikisika, na upepo haukuwepo. Bi Zuena akashusha pumzi. "Vizuri. Vizuri sana. Binti wa nani? Mama aliyekuzaa anaitwa nani?"

Bupe akakigeuza kitambulisho upande wa pili. Upande wa pili ulikuwa mweupe. Hamisa alikuwa analia nyuma ya kile kiganja, naye jina hilo hakulijua, na hata angelijua lisingesaidia kitu. Wakasubiri. Harufu nayo ikasubiri, palepale, kwa subira ya mlinzi mwema aliyeshika mzigo na hamwoni mwenyewe.

"Sijui," Bupe akasema mwisho. "Amana yangu nimeichukua. Shukrani."

Harufu ikawapita. Ilipita katikati yao, ikavuka ua, na makaa ya chetezo yakazimika yote kwa mpigo. Chumba kikabaki kinanuka waya za kompyuta tu. Bi Zuena akakaa chini kwenye sakafu, miwani mkononi.

"Amekwenda?" Hamisa aliuliza.

"Amekwenda."

"Si ndiyo vizuri?"

"Amekwenda navyo, Hamisa. Hakujua amrudishie nani."

Jioni Hamisa ndiye aliyempeleka Tandika, maana Bupe alipofika kituoni alisimama tu akiangalia magari. Walipokata kona ya nyumba, mtoto wa sare ya shule aliruka kutoka barazani akaja mbio.

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba," Bupe akajibu kwa upole, kama mtu anavyomjibu mtoto wa jirani. "Hujambo? Mama yako yupo?"

Elinaza akacheka, akionyesha pengo la meno. Halafu akaacha kucheka. "Mama, ni mie. Elinaza."

Uso wa Bupe ulibadilika. Macho yakapata mwanga, na Hamisa akasema kimoyomoyo, Mola wangu, anamjua. Bupe akafungua mdomo. Sauti iliyotoka ilikuwa ya chini, kavu, na haikuvuta pumzi.

"Elinaza, wa kike, miaka saba, Tandika. Mrithi pekee wa bima ya Bupe Mwakalinga. Atalipwa mama yake akifa."

 Hapakuwa na zaidi. Akamwangalia mtoto kwa adabu, akisubiri aambiwe kinachofuata.

Elinaza aligeuka akamshika Hamisa khanga. Aliuliza kwa sauti ndogo, kwa heshima, kama alivyofundishwa kuuliza watu wazima.

"Dada, kwani mama amekufa?"